Laptopu Yangu na Kaburi Lililobaki Wazi

Jumapili mchana. Manyunyu tangu asubuhi, nguo za watu wa ghorofa ya tatu zimeachwa kambani na hakuna anayejali. Nimetoka kanisani, nimekula, na kwa mara ya kwanza wiki hii laptopu yangu imezimwa kabisa. Imepoa. Niliigusa mgongo kuhakikisha.

Nataka kuandika hapa nilivyofikia uamuzi wa kununua au kutonunua nyingine, maana najijua. Nikipita kesho kutwa mbele ya duka lenye mashine zinazong'aa dirishani nitasahau kila kitu.

Kwa anayesoma ukurasa huu mara ya kwanza: naitwa Mwende, nakaa Umoja, Nairobi, nahariri video. Harusi, ruracio za kutoa mahari, ubatizo, na mazishi. Sana sana mazishi. Watu wengi wa huku huzikwa mbali, wengine Magharibi mwa nchi, wengine kwetu Ukambani, na si kila mtu hupata nafasi ya kusafiri. Kwa hiyo mazishi hurudi Nairobi yakiwa kwenye flashi. Mwenzangu Brayo hupiga picha, mimi nakata na kuunganisha.

Laptopu yangu ilifika nchini ikiwa tayari imemtumikia mtu mwingine huko ng'ambo. Feni yake inavuma mpaka jirani aliwahi kuniuliza kama nimefungua posho mill ya kusaga unga humu ndani. Ukiipa video nzito za 4K, picha inatembea kidogo, inasimama, inawaza, halafu inaganda. Mimi nami naganda nikiitazama. Nimezeeka mbele ya hiyo skrini, wallahi.

Zamu yangu ya kupokea pesa za chama chetu cha kuchangiana imekaribia, na Brayo hana shaka yoyote kuhusu pesa zangu zinapaswa kwenda wapi. "Mwende, manze, hiyo kitu imechoka vibaya. Iachilie iende zake, chukua mashine ya nguvu, tuache kuhangaika."

Na kulikuwa na sababu. Kampuni moja ya matangazo, sitaitaja, ilinipa kazi ya majaribio: tangazo fupi la 4K, mwisho Jumamosi adhuhuri. Nikilifanya vizuri, ningepata kazi ya kila mwezi. Waliniambia waziwazi kwamba wanataka mhariri mwenye mashine inayoweza. Nikasema ninayo.

Nilidanganya, ndiyo. Nani hajawahi.

Jumatano nikaanza kutafuta nafasi ya kuweka hilo tangazo, kwa sababu laptopu ilikuwa imejaa hadi kooni. Kilichokuwa kimeijaza ni mazishi ya Wafula.

Wafula alikuwa kaka yake Mama Faith, jirani yangu wa ghorofa ya nne. Alifanya kazi kiwandani Industrial Area miaka mingi, akaugua, akaenda. Walimzika nyumbani kwao Bungoma. Mama yao mzazi anaishi hapa na Mama Faith, na jengo zima tunamwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Kukhu alivunjika nyonga mwaka jana. Jengo letu halina lifti. Kumshusha ngazi tu kwenda kliniki ni kazi ya wanaume wanne na kelele nyingi, sembuse kumfikisha Bungoma. Basi mwanawe wa kwanza akazikwa yeye akiwa amekaa kwenye kochi huku Umoja, na Mama Faith akaniomba nimtengenezee video.

Nilijitahidi, sikatai. Brayo alikuwa amerekodi siku nzima, tena alikuwa na droni. Nikaikata vizuri: nyimbo, mahubiri, hotuba, jeneza likishuka. Wanaume wakaanza kurudishia udongo kwa zamu. Udongo ulipofika kama nusu, nikaona inatosha, maana kilichobaki ni wanaume na sepetu, vumbi, kukohoa, hakuna kinachotokea. Nikaifanya picha ififie polepole iingie kwenye ile ya droni juu ya mashamba ya mahindi, na kinanda chini yake. Nilijipiga kifua kwa huo mkato. Nilimtumia Brayo hicho kipande peke yake, akanijibu kwa emoji tatu za moto.

Nikampa Mama Faith flashi. Mimi flashi ikishatoka mkononi, najihesabu nimemaliza. Ndipo nikaanza kufuta zile video ghafi.

Alhamisi jioni Mama Faith akaniita juu ninywe chai, wanaitazama. Kukhu alikuwa amevaa kitambaa safi kichwani kama anayekwenda kanisani. Alitazama yote. Wakati wa nyimbo aliimba kwa sauti ndogo. Jeneza liliposhuka alishika mkono wa Faith, mjukuu wake, na hakulia. Kisha ukaja ule mkato wangu, mahindi, kinanda, na jina la Wafula likaandikwa kwa dhahabu. Mwisho.

Kukhu akaendelea kutazama skrini nyeusi.

"Mbona mmemwacha wazi?"

Mama Faith akamwambia, "Mama, alifunikwa. Walimaliza wote, wakaweka na msalaba. Mimi nilikuwepo."

"Wewe ulikuwepo," Kukhu akasema. "Mimi sikuwepo."

Akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mwanangu, nani alimalizia? Nimeona nusu. Usiku nikifunga macho nitamwona hivyo hivyo, nusu."

Nilitaka sakafu ipasuke. Nikamwambia, Kukhu, iko, nitakuletea, na wakati huohuo nilikuwa najua nimeacha laptopu kwangu chini ikifuta mazishi yote ya mwanawe. Kadi za kamera Brayo alikuwa ameshazifuta akarekodi harusi. Hapakuwa na nakala nyingine popote duniani. Niliteremka zile ngazi kama mwizi anayefukuzwa.

Nikaifungua. Imeganda.

Ule mstari wa kuonyesha kazi inavyokwenda ulikuwa umefika katikati ukasimama. Kwa mara ya kwanza maishani nilimshukuru Mungu kwa ubovu wake. Nikachomoa kila kitu, nikaizima kwa nguvu, nikaketi kitandani nikishika kichwa kabla ya kuiwasha tena. Ilikuwa imefuta kwa kufuata namba za faili, kuanzia asubuhi ya siku ile ya mazishi. Maombi ya asubuhi yamekwenda. Hotuba zimekwenda. Vipande vya mwisho vilikuwepo, kile cha udongo kikiwa kimojawapo.

Nililia kidogo. Sioni haya kuandika hivyo.

Sitaki kuifanya laptopu shujaa. Haikuokoa mtu, ilishindwa kazi kama kawaida yake. Ila ukweli ni kwamba mashine anayoitaka Brayo ingekuwa imemaliza kufuta kabla sijafika ghorofa ya nne.

Tatizo jipya likawa kukifungua kile kipande. Kilikuwa kirefu na kizito, na kila nikikigusa picha inasimama, sepetu juu, udongo hewani. Kuna njia ya kufanya: unatengeneza nakala nyepesi ya video, unakata kwenye hiyo nakala, kisha programu yenyewe inarudi kuchukua picha nzito mwishoni. Nimeijua njia hiyo siku nyingi na sikuwahi kuitumia, kwa kiburi tu, nikijiambia ni mambo ya watu wenye mashine mbovu. Yaani mimi.

Lakini kutengeneza hiyo nakala kungechukua Ijumaa yote, na kuitoa video iliyokamilika kungekula Jumamosi asubuhi. Na Jumamosi adhuhuri kampuni ilitaka tangazo lake. Laptopu hii haiwezi kufanya mambo mawili. Mara nyingine hata moja linaishinda.

Nikampigia Brayo nikamweleza. "Mwende, si umfanyie huyo nyanya Jumatatu? Haendi mahali."

Ni kweli, haendi mahali. Ndiyo shida yenyewe. Anakaa palepale kwenye kochi akifunga macho na kumwona mwanawe nusu. Nikamwambia Brayo hapana. Akaguna, kisha akasema sawa, wewe ndiye unajua.

Niliiandikia kampuni nikaomba wanisogezee hadi Jumatatu. Wakajibu kwa adabu kwamba wameshapata mtu mwingine na wananitakia kila la heri. Iliniuma. Bado inaniuma nikiandika, kwa sababu ile kazi niliitaka hasa, na sina uhakika kama nyingine kama hiyo itakuja kubisha mlango huu.

Leo baada ya kanisa nikapanda juu. Televisheni yao iliyosoma flashi ya kwanza ilikataa hii, kwa hiyo nikaiweka laptopu yenyewe juu ya stuli mbele ya Kukhu. Akaweka kiganja juu yake. "Hiki kitu chako kina joto kama kuku anayelalia mayai," akasema, na Faith akacheka hadi akamwaga uji.

Sikuweka kinanda. Sikukata chochote. Ilikuwa ni wanaume, sepetu, vumbi na kukohoa, na wanawake wakiimba mahali ambapo kamera haiwaoni. Kukhu alikuwa akiwataja. Huyu ni mtoto wa Nasimiyu. Huyu ni yule fundi wa baiskeli, kumbe alikuja. Huyu amezeeka. Kile nilichokiita "hakuna kinachotokea", yeye alikuwa akikisoma mtu mmoja mmoja.

Karibu na mwisho kuna mwanaume wa shati la buluu ambaye hakubali kupokewa sepetu. Vijana wanamwendea, anawakataa kwa bega, anaendelea. Nilipokuwa nikihariri mara ya kwanza alinikera, maana alikuwa akiziba kamera.

"Simiyu," Kukhu akasema. "Mdogo wake. Ndiye alimalizia."

Simiyu akapiga udongo kwa mgongo wa sepetu, kulia, kushoto, kama mtu anayetandika kitanda. Wakaweka mashada, wakasimamisha msalaba. Watu wakaanza kuondoka, kukabaki kichuguu chekundu cha kaburi na kuku mmoja akipita. Brayo alikuwa amesahau kuzima kamera. Hata hapo sikukata.

Kukhu alitazama kile kichuguu muda mrefu. Kisha machozi yakaja, mengi, ya kimya, na Mama Faith akamfuta kwa leso yake.

"Haya," Kukhu akasema. "Amelala. Sasa zima."

Nikazima.

Uamuzi wangu ni huu. Pesa ya chama nanunua kwanza diski kubwa ya kuhifadhia, na hakuna mazishi yatakayofutwa hadi mwenye msiba aniambie ameona mwisho. Laptopu mpya itangoja. Ikija, hata iwe na kasi ya radi, nikifika penye udongo nitaiacha video itembee.