Kompyuta Inayozima Kila Alasiri

Waberi, Garissa. Alhamisi.

Joto la leo ni la kumnyamazisha mtu. Hata mbuzi wa jirani wamejibanza kwenye kivuli cha tangi la maji na hawalii. Nimeketi sakafuni, mgongo ukutani, na mikono yangu bado inanuka spiriti.

Asubuhi kompyuta ilizima tena. Nilikuwa nachora ramani ya visima vya Balambala, ile ya sura ya nne, mara skrini ikawa nyeusi. Nikabaki na kidole juu ya kipanya, kama mtu aliyekatiwa simu.

Jumatatu msimamizi wangu anataka tasnifu nzima. Nikichelewa, jina langu halitakuwamo kwenye mahafali ya mwaka huu, nami nitakaa mwaka mwingine nikiwa yule binti ambaye "bado anasoma". Programu ya ramani imo kwenye kompyuta hii ya mezani peke yake. Maandishi yote nimeyaweka kwenye flashi. Ramani, mpaka alasiri ya leo, hapana. Kila nilipojaribu kuihifadhi, mashine ilizima kabla haijamaliza, na faili moja limekwisha kuharibika.

Naogopa. Niandike hivyo tu, bila kupamba.

Wiki nzima nimeilaumu stima. Hapa kwetu ni rahisi kuilaumu, ina makosa mengi na haijitetei. Alasiri, watu wakiwasha feni zote, taa hufifia. Na ni alasiri kompyuta yangu huzima zaidi. Nikayaunganisha hayo mawili, nikaona nimepata jibu. Nikaazima stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme, kwa habaryar Fardowsa, dada mdogo wa mama. Nikabadilisha waya, nikahamia soketi nyingine, nikachomoa hata friji. Ikazima vilevile.

Jana habaryar alikuja kuchukua stabilaiza yake, akasimama akiisikiliza feni ya kompyuta.

"Hiki kitu kinapumua kama ngamia aliyebebeshwa nyumba nzima," alisema. "Kipe maji."

"Habaryar, tafadhali."

"Basi kunywa wewe. Umekonda mpaka hijabu ndiyo inayokuvaa."

Siku nyingine ningecheka.

Leo alasiri, kabla ya kuswali, nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo kama hofu isingenitangulia. Nilipoiwasha upya niliingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla ya kitu kingine chochote, nikatazama joto la prosesa. Tarakimu zilipanda mbele ya macho yangu mpaka karibu na joto la maji yanayochemka, na mashine haikuwa na kazi yoyote. Umeme ulionyesha uko sawa. Kompyuta ilikuwa inajizima yenyewe ili isiungue.

Hapo ndipo niliposikia harufu. Nilitarajia plastiki. Badala yake chumba kikanukia kama nyumba inayosubiri wageni.

Uunsi.

Nikachomoa waya, nikafungua ubavu wa kasha. Vumbi la Garissa nalijua, ni jekundu na jepesi, ukilipuliza linaondoka. Hili halikuondoka. Lilikuwa limegandamana katikati ya mapezi ya chuma yanayoipooza prosesa, jeusi, linanata. Mama hupika uunsi wake mwenyewe, sukari na ubani na manukato, kisha kila alasiri huuchoma juu ya makaa. Ile sukari na ule ubani ndivyo nilivyokuwa navitazama. Hewa haikuwa na pa kupita.

Mama aliingia wakati huohuo na girgire mkononi, kile chetezo chetu cha udongo, makaa yamekolea. Hakuniona nilivyochuchumaa upande wa pili. Akainama, akakiweka chini ya meza, kando kabisa ya kompyuta, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake.

Sikuwahi kujua kwamba hapo ndipo mahali pake. Saa hiyo mimi huwa naswali chumba cha pili, nimeiacha ramani ikijichora. Nikirudi nakuta harufu, mama ameshaondoka na chetezo chake.

"Kwa nini hapo, hooyo?"

Alishtuka, kisha akatabasamu. "Hapa ndipo pazuri. Mashine yako inavuta moshi huku, inautoa kule nyuma. Chumba kizima kinanukia, mpaka sebuleni."

Nikammulikia kwa tochi ya simu. Alitazama ndani, akagusa kwa ncha ya kidole, akanusa kidole.

"Watu wanalitaja sana jina lako, hooyo," alisema. Kwetu mama na mtoto huitana kwa neno hilohilo. "Si kila jicho linalokutazama ni zuri. Nilitaka kitu kikukinge humu ndani."

Nilikuwa na maneno makali tayari. Nadhani aliyaona usoni mwangu. Akachukua girgire, akatoka.

Nimesafisha pezi moja baada ya jingine, kwa pamba na spiriti. Nimepaka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, nimefunga, nimewasha. Joto likapanda, likasita, likatulia mbali kabisa na lile la mwanzo. Ramani imejichora yote. Nimeihifadhi kwenye mashine, nikaihifadhi na kwenye flashi, kisha nikaifungua kuhakikisha, kisha nikaifungua tena.

Ilitakiwa nifurahi.

Lakini sura ya tano bado ina mapengo, Jumatatu haijasogea, na chumba hiki kinanuka hospitali. Wiki zote hizi nilijiona niko peke yangu na tasnifu hii, mlango nimeufunga, na kumbe kila alasiri kuna mtu aliingia kunichunga.

Sasa mlango uko wazi. Namwona mama kwenye ujia, ameliweka girgire sakafuni na anapepea moshi kwa ncha ya garbasaar yake, mtandio wake wa mabegani, ili usije upande wangu. Anapepea kwa bidii, kana kwamba nimemkataza.

Sikumkataza. Sikumwambia chochote, na hilo ndilo linalonisumbua.

Basi iwe hivi, leo na kesho na siku zote mpaka nimalize: ikifika alasiri, mashine itabaki huku na feni yake. Mimi ndiye nitakayeinuka, nikasimame juu ya girgire, moshi uingie kwenye nguo na nywele zangu.

Makaa bado hayajazima. Naenda.