Mfupa Uliokataa Kuunga

Zuhura, mke mwenzangu, wewe uliyenitangulia kaburini bila hata kuniaga,

Nakuandikia we kwa sababu umekufa. Nikiwaambia walio hai hapa Buyenzi, kabla ya adhuhuri habari itakuwa imefika Carama, mwisho wa mji.

Walinipasua kifua. Moyo wakautengeneza, kisha mfupa wa katikati wakaushona kwa waya, kama mafundi wetu wanavyofunga bampa la gari. Moyo, alhamdulillah, unapiga sawa. Mfupa ndio umekataa kuunga. Daktari anasema ugonjwa wangu wa sukari unauchelewesha, nisibebe ndoo, nisitwange majani ya sombe, ya mihogo. Mimi, nisitwange sombe. Ungecheka mpaka ulegee.

Nikikohoa lazima nikumbatie mto, niukaze kifuani. Hapo ndipo ninapokukumbuka. Nilipomzaa Mariamu ulinifunga tumbo kwa kitenge, ukavuta kama unafunga gunia la makaa. Nikakutukana. Ukasema, "Tukana tu, lakini usikohoe kabla sijakushika." Na siku zile tulikuwa hatusemeshani, sababu ya yule mwanaume wetu. Ukanishika hivyohivyo. Mto haujui kushika namna ile.

Sasa sikia ujinga wangu. Wajukuu nimewakataza kunirukia, nawafokea kutwa. Juzi akaja jirani yetu wa zamani. Unajua salamu za hapa kwetu, mtu akikukosa siku mbili anakukumbatia kama anataka kukuvunja. Ningesema, "Apana, mama, nina kidonda." Nikaona haya, asiende kutangaza mtaani, kartie nzima, kwamba nimekuwa wa kushikwa kama yai. Nikajiachia. Ndani nikasikia ko, kama kuni kavu. Tangu hapo nikigeuka kitandani, ko. Nikipiga chafya, ko.

Mariamu akaniuliza, "Mama, mbona umekunja uso?"

"Chai yako haina sukari."

"Sukari ndiyo inayokuua, mama."

Mdomo huo kaurithi kwako, si kwangu.

Naogopa, Zuhura. Mara ya kwanza sikuogopa kwa sababu sikujua. Sasa najua. Naogopa watanifungua tena nami nisiamke. Kunyamaza nako kunanitisha, maana tangu asubuhi kovu limekuwa la moto, nikiligusa nauondoa mkono upesi.

Unakumbuka tulivyokaa eda, wajane wawili, chumba kimoja, mkeka mmoja? Ulijitupa katikati, mi nikabaki ukingoni nakusukuma kwa kiwiko. Ukaniambia, "We vumilia hapa. Huko ahera nitakuwekea nafasi."

Mariamu yuko uani anaanika nguo. Nikiweka kalamu chini namwita, namwambia yote, hata la kukumbatiwa. Anigombeze akitaka, lakini anipeleke hospitali leo.

Nafasi yangu usiiweke. Lala katikati, jitandaze.

Mimi mke mwenzako, mwenye kiwiko