Simu Imesoma Utani Wangu

Shangazi, shikamoo. Natumaini barua hii haitakuchosha, maana nimeifuta mara tatu. Niko kidato cha pili na ndimi ninayetunza tovuti ya shule, na kila unapoweka picha kompyuta inakuomba uandike maelezo mafupi ambayo hayaonekani kwenye ukurasa, nami nikayaona kazi ya bure, basi nikawa najaza utani, kwa mwalimu mkuu nikaandika "Mzee amenuna kama amemeza ndimu nzima" na kwa timu ya netiboli "Saba wamekuja, mpira haujaja".

Muhula huu amehamia darasani kwetu msichana asiyeona, ambaye simu yake humsomea kila kitu kwa sauti, hata maelezo yale yasiyoonekana. Wiki ya pili alikaa kwenye dawati langu, simu sikioni ikimsomea tovuti yetu, akacheka mpaka akatoa leso.

"Nani huyu wa ndimu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwuliza kama amekasirika.

"Nikasirike nini? Nilikotoka simu iliniambia 'picha, picha, picha' tu, nikawa kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Hapa angalau kuna mtu anaongea nami." Kisha akasema polepole, "Ila ratiba ya majaribio umeibandika kama picha, na hapo hukuandika kitu. Utani nimeupata, jaribio la hisabati nimelikosa."

Sasa ni rafiki yangu, tunacheka njia nzima kurudi nyumbani, lakini Ijumaa mwalimu mkuu anataka simu ya rafiki yangu iwasomee wazazi tovuti yetu kwa spika ya ukumbini. Nikiuacha utani ubaki, nitanyang'anywa kazi ninayoipenda kuliko zote. Nikifuta kimya kimya, rafiki yangu atarudi kusikia "picha, picha". Nifanyeje?

Mtunza Tovuti

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, kisha nikakukasirikia. Uliandika upuuzi kwa sababu uliamini upande wa pili hakuna mtu. Yupo, na mnakaa dawati moja. Tena kosa lako kubwa si ndimu, ni ratiba.

Leo hii iandike upya kwa maneno: siku, saa, chumba. Mwombee mwenzako kwa mwalimu wa hisabati apewe jaribio upya, na useme wazi kosa ni lako. Kesho nenda ofisini ukamsomee mwalimu mkuu ulichoandika, kwa mdomo wako, kabla spika haijakusaidia. Atanuna, umeshazoea. Halafu andika unachokiona kweli: suti ya kijivu, mkono mfukoni, hatabasamu. Ukweli huo unachekesha wa kutosha. Na kuanzia sasa ukurasa usitoke kabla rafiki yako hajausikiliza wote; jina lake likae kando ya lako.

Nami nina la kuungama. Picha yangu iliyo juu ya safu hii ina miaka tisa kwenye tovuti ya gazeti, na jana nimegundua haina maelezo hata neno moja. Andika wewe, mwenzako asikilize, mnitumie. Mashavu msiyapunguze.