Papa, Ulimfundisha Nani Kupanda Kinga Yako?

Papa wangu,

Kinga yako, ile baiskeli yako, inatembea tena. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama sisi wanao tu wazima.

Niliishusha kutoka darini baada ya mvua kubwa kung'oa mabati ya upande mmoja wa nyumba yetu hapa Bunia. Ilikuwa imelala kule juu tangu tulipokuzika. Kaka alinipigia simu kutoka Kampala akaniambia niiuze. "Unafanya nini na kinga ya zamani? Uza, utafute mabati ingine." Nikamjibu kwamba nitafikiri, kisha nikaenda sokoni kununua msasa.

Unaikumbuka siku uliyoileta? Mgriki mmoja alikuwa anafunga duka lake ili arudi kwao, akakuachia. Baiskeli ya mashindano, chuma chembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Majirani walicheka kwamba haiwezi kubeba hata mfuko wa maharage. Wewe, fundi wa makinga, ukawaambia, "Hii haibebi mizigo. Inabeba mutu."

Kila wiki uliifungia mfuko wako wa vyombo, ukaenda soko la Bule kutengeneza baiskeli za watu wa huko. Ulirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kaka alikimbia kukupokea barabarani, ukampandisha, ukashika kiti, mkaja nyumbani mkicheka. Mimi nilikuwa mlangoni na maji yako ya kuoga. Siku niliyoomba zamu yangu ulinijibu bila ukali wowote: "Hapana, mama. Hii si ya mutoto mwanamuke." Uliniita mama, na utamu wa jina lile ukafanya hapana yako iume zaidi. Sikuomba tena. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikazaa, na bado nilikuwa sijui kupanda baiskeli.

Basi nilipoishusha, Papa, nilitaka iwe yangu. Kaka alikuwa na utoto wake juu yake, acha mimi niwe na mifupa yake. Niliiweka juu ya viti viwili uani. Niliziloweka goroli na mnyororo kwenye mafuta ya taa. Bomba la kiti lilikuwa limeshikana na kutu. Nililimwagia mafuta asubuhi na jioni, nikalimwagia na maji ya moto, nikalizungusha kwa nguvu zangu zote, na lilipotoka nilipiga kelele mpaka jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta. Chini ya rangi ya kijani uliyoipaka na ile iliyobaki ya mlango wetu, nilikuta bluu yake ya kwanza. Matairi yalinitesa. Membamba kama yale hayapatikani hapa. Dereva mmoja wa lori la Mahagi aliniletea kutoka Uganda.

Ilibaki kazi moja. Kwenye bomba la juu kulikuwa na kishimo. Sote tuliijua hadithi yake: mbuzi alikata njia huko Bule, ukaanguka. Nilikuwa nakijaza ili nipake rangi, ndipo mwanamke mmoja akaingia uani na beseni la mboga za lengalenga kichwani. Nilitaka kumwambia sinunui. Lakini alikuwa ameshatua beseni, anaitazama kinga kama mtu aliyekutana na ndugu yake.

"Hii ni ya muzee ya kutengenezaka makinga ku soko ya Bule," alisema.

"Ni Papa yangu."

Akacheka, akaweka kidole kwenye kile kishimo. "Na hapa ni mimi. Niliangukaka nayo ku mutelemuko ya kwetu. Papa yako alininyanyua, akasema, 'Panda tena kabla uogope.'"

Jina lake ni Espérance. Tuko rika moja. Vita viliwatoa Bule, sasa anauza mboga hapa mjini. Baba yake alikuwa anakupa mahali pa kulala siku za soko, na jioni ulikuwa unamfundisha yeye. Mtoto mwanamke, Papa. Kwenye kinga hii hii.

Nilimwambia, "Leo sinunui mboga." Aliona uso wangu, akabeba beseni lake, akaenda.

Sijawahi kumwonea mtu wivu kama ule. Kaka nilimvumilia, alikuwa mwanaume. Lakini huyu alikuwa mimi, alikuwa mahali pangu. Nilikaa uani nikajaribu kumalizia kishimo, mkono ukakataa. Nikakwangua dawa yote niliyokuwa nimejaza. Kisha nikamaliza breki, nikafunga matairi, kinga ikasimama inang'aa ukutani, na mimi sikuweza kuipanda.

Nilimtafuta sokoni. Nilipompata sikumsalimia vizuri, nilimuuliza tu, "Kwa nini weye?"

Alielewa. "Nilimuulizaka kama hana binti. Alisema, 'Niko naye. Ile ni ya kitabu. Nikimupa njia, ataacha kitabu.' Alikuwa anajivuna na weye, dada. Mimi nilikuwa nachoka kusikia jina yako. Nilikuwa naona wivu."

Ungeniambia, Papa. Ningeweza kushika vyote viwili.

Jumapili baada ya misa tulienda kwenye uwanja wa shule. Nilimpa yeye aanze. Alijifunga kitenge vizuri, akasukuma kwa mguu mmoja, akainama juu ya usukani, na nikakuona. Mgongo ule ule. Niligeuka nikatazama ukuta. Aliporudi alinishikia kiti.

"Angalia mbali. Usiangalie mugurudumu. Mwili ilegee."

"Nani alikufundishaka kusema hivyo?"

"Weye unajua."

Nilianguka, nikapanda, nikaanguka tena mpaka goti likatoka damu. Kisha nikasikia sauti yake iko nyuma sana, na kumbe alikuwa ameshaachia. Nilifika mpaka goli la upande wa pili. Niligonga mlingoti, nikashuka, nikalia nikiwa nimeshika usukani. Alikaa mbali, akaniacha nilie.

Siwezi kukudanganya kwamba wivu umeisha. Akitaja Bule, bado nasikia kama mtu amefungua sanduku langu bila kuniuliza. Lakini vile ulivyoninyima mimi uliviweka kwake, na yeye ananipa bila choyo. Jumapili tunarudi uwanjani. Nimemwambia nataka kujifunza kuteremka mlima, akasema nilete kitambaa cha goti.

Lala salama, Papa.

Ni mimi, binti yako wa nyumbani.