Forihendi ya Bhoke

Jumanne, 10 Juni 2014

Leo nimeona forihendi, lile pigo la tenisi la upande wa mkono wenye raketi, ambayo sijawahi kuiona. Naiandika humu kwa sababu hapa Kerende nikianza kuisimulia, watu wataniuliza forihendi ni nini, na sina nguvu ya kuanza mwanzo.

Ni Bhoke. Nilimfundisha mpaka akamaliza kidato cha nne, sasa ana miaka kumi na tisa na anafanya kazi mwaloni kwa Waitara, kule wanakooshea dhahabu. Mwaka mzima hajagusa raketi. Jioni amepita na matope yake hadi magotini, akasema, madam, nipe nipige kidogo. Nikampa kwa huruma tu.

Basi. Kila forihendi yake ilinipita. Mimi Dorka, niliyekulia kwenye viwanja vya Kisumu, kwa mjomba Ogola aliyekuwa akipiga chokaa mistari ya klabu! Miaka kumi na minane nafundisha tenisi kwenye uwanja wa udongo wa kichuguu nilioushindilia kwa miguu yangu mwenyewe. Leo binti wa mwaloni ananikimbiza kushoto, mpira unaenda kulia.

Na kila kitu chake ni kosa. Raketi anaianzia chini, karibu na goti. Kiwiko kimebana mbavu. Kidole gumba kimelala juu ya mpini badala ya kuuzunguka. Raketi inazunguka chini ya mpira kama anakoroga kitu, halafu kabla ya kugonga — kuna kitu pale. Sikukiona vizuri. Kinanikera mpaka sasa.

Jumatano, 11 Juni

Nimemrekodi kwa simu ya Method, mwalimu wa hesabu. Simu nzuri, mwenyewe mbahili. Kaniambia mara mbili nisimmalizie chaji.

Nimetazama picha kwa picha hadi macho yakaniuma. Nimekipata. Kabla ya kugonga, uso wa raketi unatikisika. Mara tatu, haraka, kidogo sana. Sasa, mtu aliye ng'ambo ya neti huwa anausoma uso wa raketi ili ajue mpira unakwenda wapi. Huu hausomeki. Ni kama mtu akutikisie barua mbele ya macho halafu akuulize imeandikwa nini.

Nimeuita mtikisiko. Nimemuuliza Bhoke anaufanyaje. Anasema hajui, unakuja wenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda mwaloni kumtazama akifanya kazi. Nilijua jibu liko huko, na liko huko kweli.

Wanawake wameinama kwenye bwawa, kila mmoja na karai lake. Bhoke kabana kiwiko mbavuni, kidole gumba kimelala juu ya ukingo, karai linazunguka usawa wa goti, mchanga unatoka, mzito unabaki. Ndiyo forihendi yake nzima ile! Nusura nipige kelele mbele za watu.

Halafu akamimina zebaki kiganjani kutoka kwenye chupa ya soda. Akaichanganya na ule mchanga mweusi kwa vidole, akaifunga kwenye kitambaa, akakamua, akakamua, mpaka kikabaki kidonge cheupe. Kidonge akakiweka juu ya jiko la mkaa, akakaa hapo hapo akikingoja kigeuke njano. Moshi ulikuwa mdogo tu. Huko kukamua ndiko kunakompa nguvu ile ya kifundo cha mkono. Saa nane kwa siku! Hakuna kocha angebuni zoezi kama hilo.

Waitara alikuwa amekaa juu ya ndoo, mkewe anamfunga vifungo vya shati. Nikamtania, mura, mwanamume mzima, unavalishwa kama mtoto? Akacheka. Anasema vidole vimekuwa vya mzee. Ana miaka arobaini na miwili. Nikamwomba amtoe Bhoke kwenye kuponda mawe, ampe kukamua tu mpaka majaribio ya mkoa ya kuchagua mchezaji wa tenisi. Kakubali upesi, anasema watu wa kukamua hawadumu siku hizi. Karibu na bwawa kulikuwa na mbwa amelala ubavu, nikadhani amekufa, lakini alikuwa anapumua.

Jumatatu, 16 Juni

Joram, kocha wa mkoa, amepiga simu kutoka Musoma. Majaribio ni Jumamosi tarehe tano Julai, Mugumu. Nafasi ni moja kwa mkoa mzima: kituo cha tenisi Moshi, miaka miwili, shule, chakula, malazi. Umri usizidi kumi na tisa. Bhoke anatimiza ishirini Novemba. Kwa hiyo ni sasa au basi.

Nilimpa habari akiwa amesimama mlangoni. Hakuruka wala nini. Alisema tu, nikienda Moshi, madam, matope haya siyarudii.

Jioni shangazi yake akaja, mama Mokami, ndiye aliyemlea. Shikamoo mama, marahaba, akakaa, akaniambia anataka kumtoa mtoto mwaloni. Ampeleke Susuni kwa dada yake akalime. Kichwa kinamuuma kila siku, halali, anasema mdomoni anasikia ladha ya chuma. Na amekuwa mkali, mtoto ambaye hata kuku alikuwa hawafukuzi.

Nikamkatiza. Nikamwambia mama, mkono ule unatengenezwa mwaloni. Ukimtoa sasa, ufundi huo utampotea kabla ya majaribio. Vumilia wiki tatu tu. Kichwa ni jua.

Mama Mokami alitazama mikono yake kwa muda. Akasema, haya, wewe ndiye umesoma. Akaaga.

Nimeridhika. Nadhani nimeridhika.

Alhamisi, 19 Juni

Mtikisiko umeongezeka! Nimehesabu mara tano, sita. Mpira unashuka kama umekatwa kamba. Nimemwambia safi sana, endelea hivyo hivyo.

Sevu yake, pigo la kuanzisha mchezo, ndiyo inaharibika. Anarusha mpira juu, hauendi mahali pake. Anausaka kwa raketi kama anafukuza nzi. Tutashughulikia baadaye, cha kwanza forihendi.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada nimemleta Bhoke nyumbani tunywe chai. Kaniuliza sukari iko wapi, nikasema iko hapo mbele yako. Akapaza sauti. Kwamba namwona mjinga, kwamba wote tunamwona mjinga. Mbele ya majirani. Mimi mwenyewe hasira zangu ziko karibu, nikamjibu vibaya. Halafu akaanza kulia, akaomba radhi, analia huku anashangaa kwa nini analia.

Alipotoka nje kutema mate, niliona damu. Fizi, akasema. Nikamwambia abadilishe mswaki.

Leo sijisikii vizuri na wala si homa.

Ijumaa, 27 Juni

Nilimtumia Joram ile video. Kapiga simu saa nne asubuhi, nikiwa darasani, nikatoka. Ameipenda kupita kiasi. Anasema hajui mtu yeyote duniani anayepiga hivyo. Tukabishana kuhusu kiwiko, kuhusu kidole gumba, nikajitia ujuaji, nikamweleza habari ya karai. Akacheka sana. Halafu akauliza swali moja tu, kwa utani: na mkono wa kushoto je, nao unatikisika?

Nikasema mkono wa kushoto haushiki raketi, utatikisikaje.

Jioni nikamwambia Bhoke asimame tu. Asipige kitu. Aweke raketi chini, anyooshe mikono yote miwili mbele, vidole vimetawanyika.

Nilitazama wa kushoto. Mkono ambao haupigi forihendi. Mkono unaorusha mpira wa sevu.

Nyasaye, Mungu wangu.

Nikamwambia ashushe. Akaniuliza, vipi, madam? Nikasema hamna kitu, nenda kapumzike.

Jumamosi, 28 Juni

Nimempeleka kwa Agustina, nesi. Hakuuliza mengi. Alimpa kalamu aandike jina lake. Bhoke alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani, mimi ndiye niliyekuwa nikimpa kazi ya kunakili ubaoni. Leo herufi zilikuwa ndogo ndogo, zimepindapinda, kama mtu anaandika akiwa juu ya trekta.

Agustina akamwambia angoje nje. Akaniambia mimi: ni zebaki. Inaingia kwa ngozi, na zaidi kwa ule moshi wa kuchoma. Fizi, kichwa, usingizi, hasira, mikono, vyote ni hiyo hiyo. Huyu ni wa nne mwezi huu. Aache leo, siyo kesho. Apelekwe hospitali kubwa apimwe mkojo, kamwandikia karatasi. Nikauliza, atapona? Akasema wengine mikono hutulia, polepole, miezi. Wengine haitulii.

Halafu Agustina akasema kitu ambacho hakujua kinanichoma. Akasema, hawa watoto, sijui nani anawadanganya waendelee.

Nilitazama ukutani, kuna kalenda ya mwaka jana.

Siku kumi na nne. Nimehesabu. Tangu nilipomwombea kwa Waitara mpaka leo ni siku kumi na nne za kukamua tu. Na siku mbili tu baada ya hapo mama Mokami alikuja kumtoa. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu hiki hiki.

Jumatatu, 30 Juni

Nimewaambia wote wawili, kwao, mchana. Sikujificha. Nilisema ugonjwa, nilisema zebaki, nilisema ni mimi.

Mama Mokami hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Aliinuka, akaenda kupepeta mtama, akatugeuzia mgongo.

Bhoke aliuliza swali moja. Mkono ukitulia, ile forihendi itabaki?

Nilitaka kumdanganya. Nikasema sijui. Kitakachobaki ni ule mzunguko wa karai, na huo ni mzuri. Lakini ule mtikisiko, ule unaowapita watu wote — huo siyo ufundi, Bhoke. Huo ni ugonjwa.

Halafu akasema, taratibu kabisa, bila ukali: uliniambia safi sana, madam. Uliniambia niendelee.

Ameacha mwalo tangu Jumamosi. Kuhusu hospitali, hataki. Anasema wakimpima kabla ya majaribio watamwandika mgonjwa, na mgonjwa haendi Moshi. Tutakwenda Mugumu kwanza, hospitali baadaye. Nikasema hapana. Akasema basi nitarudi kwa Waitara, chagua. Mtoto huyu kichwa kigumu, na jeuri hiyo kaipata kwangu.

Ijumaa, 4 Julai

Mugumu. Tumefika mchana, basi lilijaza vumbi mpaka kwenye meno. Tumepata chumba karibu na soko. Bhoke amekula vizuri, amecheka hata, ameniambia nakoroma. Mikono bado. Nadhani imepungua kidogo, au natamani tu iwe imepungua. Kikombe anakishika kwa mikono miwili.

Joram amenipa fomu. Ukurasa wa pili: mwalimu athibitishe kwa sahihi yake kuwa mchezaji hana maradhi ya mikono, miguu, macho wala moyo. Mstari mmoja. Nimeusoma mara ishirini.

Nikisaini, nimesema uongo, na Moshi watagundua, watamrudisha kwa aibu. Au hawatagundua, watamfundisha miaka miwili kulinda kitu kinachomla. Nisiposaini, amebaki Kerende, na Kerende kazi ya binti wa miaka kumi na tisa ni mwalo. Susuni hakuna shamba la kuwatosha zaidi ya msimu mmoja, mama Mokami mwenyewe alishaniambia.

Bhoke aliiona fomu kitandani. Alisema tu, Moshi hakuna zebaki, madam. Saini.

Karatasi ya Agustina iko ndani ya Biblia yangu. Nimeomba. Sikusikia kitu.

Jumamosi, 5 Julai

Naandika hapa hapa, kwenye benchi, uwanja wa saruji nyuma ya ukumbi wa kanisa. Nikikaa bila kuandika nitapiga mtu.

Wasichana kumi na wawili. Bhoke amecheza mechi tatu, ameshinda zote. Sevu ni aibu, anarusha mpira mara nne ndipo apige. Lakini mpira ukirudi upande wake wa kulia, kwisha. Binti mmoja wa Musoma, mwenye viatu vya kweli, alisimama katikati akaacha kukimbia kabisa, analia kwa hasira. Watu wanamshangilia Bhoke kwa jina. Wamemjulia wapi? Nimeshangilia nami, mdomo wenyewe ukafunguka.

Joram amekuja benchini mara mbili. Mara ya kwanza: huyu ndiye. Mara ya pili: ile fomu, mwalimu, nimalize karatasi kabla ya chakula. Nikasema nusu saa. Akasema una nini, umepauka.

Nimwambie sasa? Kalamu ninayo, hii hii ninayoandikia. Nimekunja ukurasa wa pili mara nne, haukunjiki zaidi.

Ngoja. Anawaita wote.

Amewapanga mstari mmoja, wote kumi na wawili. Bhoke kamweka katikati. Anawaambia wengine wajifunze kwake, kwamba kitu hiki hata Ulaya hawana. Anamwambia awaonyeshe: raketi mbele, kiwiko mbavuni, kidole gumba juu, halafu tikisa. Bhoke ananitazama. Ananitazama mimi, si Joram.

Wananyoosha. Wote wanatikisa raketi, wanacheka, yule wa Musoma naye anacheka sasa. Joram anapita mbele yao, anawarekebisha, mdogo zaidi, haraka zaidi, mtazameni Bhoke.

Sasa amepiga makofi. Anasema basi, tulieni.

Raketi kumi na moja zimetulia. Joram anatabasamu, anadhani Bhoke hajasikia. Anamwambia tena.