Deraya ya Kupalia Wali

Jumatano, baada ya Isha

Hongera kwangu, fundi mkuu wa mtaa wetu wa Jadida. Makopo ya soda niliyoyayeyusha hayakutosha, nikaongeza mfuniko mkongwe wa sufuria uliokaa bure nyuma ya jiko. Nikamimina kwenye mchanga niliouchimba umbo la kifua, na deraya ya kifuani ikatoka nzima!

Kesho kwenye mchezo wa skuli mimi ni askari wa mfalme. Sina hata neno moja la kusema, lakini mbele ya watu natetemeka vilevile. Deraya ingenificha.

Narudi kutoka msikitini, naikuta juu ya wali, imejaa makaa.

"Bibi, hiyo nguo yangu ya vita!"

"Na ule ulikuwa mfuniko wangu wa kupalia makaa, mjukuu wangu. Ngoja wali ukauke."

Wali ulikuwa mtamu, nakiri. Kesho mfalme atalindwa na askari mwenye masizi kifuani, anayenukia nazi. Angalau wataicheka deraya, si mimi.