Leso ya Mama, Mfuko wa Imrani

Jumatatu, 3 Februari
Nimeanika nepi kumi na mbili. Joto la mtaa wetu wa Kuze halina huruma mwaka huu. Binti yangu Rukia yumo chumbani na mwanawe Imrani, siku ya ishirini na tisa. Alikuja kujifungulia kwangu, kama nilivyokwenda mimi kwa mama. Baada ya arobaini atarudi kwake Tudor. Likizo ikiisha, kazini. Ameanza kutaja yaya. Mimi sijaulizwa. Nimeumia.

Jumanne, 4 Februari
Wifi yangu aliye ughaibuni ametuma mfuko wa kulalia mtoto. Mnene kama godoro. Baada ya robo saa shingo ya Imrani ilijaa harara. Nikamtoa. Nikasema sisi tuliviringwa kwa leso, tukakua. Rukia akajibu kuwa mkunga ameonya: leso hulegea, ikamfunika mtoto uso. Anataka mfuko, ila mwepesi.
Nilikasirika. Kisha nikamkumbuka mama akiwaviringa wanangu, ncha ya leso kati ya meno yake. Sijaona tena mikono mepesi kama ile.

Jumatano, 5 Februari
Nimekwenda dukani peke yangu kununua mfuko mwepesi. Pamba nyepesi, zipu, hauna kofia. Nimechukua wa mtoto wa mwaka na nusu. Nguo ya mtoto hununuliwa kubwa. Kanzu za Idi za wanangu nilizikunja mikono, zikavaliwa Idi tatu.
"Mama, si mkubwa huu?"
"Atakua."
Hakubisha. Nilimlea asibishe.

Jumamosi, 8 Februari
Baada ya swala ya adhuhuri. Rukia alikuwa akioga. Niliingia kumtazama mtoto. Sikuona uso. Alikuwa ameteleza ndani ya mfuko, nywele tu ndizo zilizoonekana. Nilimvuta. Akapiga chafya, akalia. Mzima. Niliketi sakafuni, nimempakata.
"Kwani alia nini?" Rukia aliuliza akitoka.
"Joto."
Nimesema uongo. Mfuko nimeutia majini, nikasema umechafuka. Uongo wa pili.

Jumapili, 9 Februari
Mfuko umekauka. Rukia ameuulizia. Nikinyamaza, atalazwa ndani yake tena. Nikisema, sitaachiwa mtoto kamwe.
Nimesema.
"Na jana ulinambia joto, Mama."
"Nilikudanganya."
Alimchukua mtoto, akafunga mlango. Ana haki.

Jumatano, 12 Februari
Siku mbili za salamu tu. Asubuhi nilifungua sanduku. Doti ya leso ya mama: kipande kimoja kiliisha kwa kuviringa wanangu; cha pili hakijaguswa. Bado kinanukia udi. Nilikiweka mbele ya Rukia, nikamwomba tumwite fundi cherehani, ampime mtoto na kumshonea mfuko, maana arobaini haijafika.
Fundi Athumani, mwanafunzi wangu wa zamani, alipofika alicheka. "Mwalimu, mtoto atiwa mfukoni kwani ni muhogo?"
"Pima shingo, Athumani."
"Twayib, Mwalimu. Usinichape."
Rukia akacheka. Mara ya kwanza tangu Jumapili. Tulikubaliana: mikono nje, miguu ipate nafasi ya kurushwa, shingoni kipite kidole kimoja, kichwa kisizame. Kipimo cha leo, si cha Idi ijayo. Mkasi ulipoingia kwenye leso nilitazama dirishani.

Ijumaa, 14 Februari
Arobaini. Imrani ametolewa nje, amefukizwa, ameombewa dua. Baada ya alasiri wameondoka.
Nyumba kimya. Leso ilitoa mifuko miwili. Mmoja amekwenda nao. Wa pili nimeukuta kitandani kwangu, umekunjwa, na karatasi juu yake: "Huu ni wa kwako, Mama. Nikirudi kazini utamlaza wewe. Tutampima upya kila mwezi."
Nimeufua, ingawa ni safi. Nimeuanika penye kamba ya nepi. Harufu ya udi haijatoka.